Virusi vya Seoul ni nini?

Waswahili husema panya huuma na kupuliza. Kwa virusi vya Seoul, hata kuumwa si lazima: kufagia stoo yenye mkojo wake uliokauka kunaweza kutosha.

Hivi ni virusi vya ukoo wa hanta, jina lililotokana na mto Hantan wa Korea. Kati ya 1951 na 1953, wakati wa vita vya Korea, wanajeshi zaidi ya 3,000 wa Umoja wa Mataifa waliugua homa ya kuvuja damu iliyoharibu figo. Chanzo hakikujulikana mpaka 1976, mtafiti wa Korea Kusini, Ho Wang Lee, alipovigundua virusi vyake kwenye mapafu ya panya wa mashambani. Baadaye ndugu wa virusi hivyo, yaani hivi vya Seoul, wakapatikana jijini Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, kwa panya wa kahawia, yule mnene wa mitaroni. Panya huyo amepanda meli kwenda kila bara lenye bandari, na virusi vikaenda naye.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichunguza panya 133 wa New York. Wanane walikuwa na virusi vya Seoul, na kwa jumla zilionekana aina 18 za virusi zilizokuwa hazijulikani kabisa. Idadi hiyo inatisha, ila tuwe waangalifu: virusi kuwemo mwilini mwa panya ni jambo moja, mtu kuugua ni jingine.

Panya mwenyewe haugui. Hubeba virusi maisha yake yote, akivitoa kwa mkojo, kinyesi na mate. Uchafu ukikauka hugeuka vumbi, nasi tukalivuta. Wiki moja au mbili baadaye huanza homa ya ghafla, kichwa, mgongo na tumbo kuuma, macho mekundu; wengine mkojo hupungua kwa sababu figo zimeshindwa. Ni rahisi kudhani malaria, kwa hiyo kipimo kikisema hakuna, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna panya. Wengi hupona, hufa mmoja au wawili kati ya 100. Mgonjwa hamwambukizi anayemuuguza. Panya wa kufugwa naye si salama kila mara: mwaka 2017 nchini Marekani waliwaambukiza watu 17.

Usichanganye na homa ya mgunda, iliyosumbua Lindi, Tanzania, mwaka 2022. Hiyo nayo hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, lakini chanzo chake ni bakteria na antibaotiki huitibu. Virusi vya Seoul havisikii antibaotiki. Hospitali husaidia figo mpaka mwili ushinde.

Ukikuta kinyesi cha panya, fungua madirisha nusu saa kwanza. Vaa glovu, mwagia maji yenye dawa ya klorini, subiri kama dakika tano, kisha futa kwa kitambaa cha kutupa. Ufagio uache nje.