Acheni kuomba betri ya moyo ya dhahabu

"Dokta, tutaongeza hela, mzee awekewe ya dhahabu." Maneno haya nimeyasikia mpaka nimechoka, na wiki hii yamerudi tena, familia imechanga hela ya pesimeka, yaani hiyo betri ya moyo, kifaa kinachoustua moyo kwa umeme ili upige, halafu mtu mtaani kawaambia zenye madini ya thamani ndo zinadumu. Jamani, hapana.

Ganda linalokaa chini ya ngozi karibu na mtulinga ni titaniamu, haishiki kutu na mwili unaivumilia, basi. Madini ya thamani yapo kwenye ncha ya waya unaotoka kwenye boksi hilo hadi moyoni, pale inapogusa nyama ya moyo, na mara nyingi ni platinamu asilimia 90 na iridiamu 10. Piga hesabu, moyo unaostuliwa mara 60 kwa dakika ni zaidi ya mara milioni 31 kwa mwaka, umeme wote huo unapita ndani ya damu yenye chumvi, chuma cha kawaida pale kingelika na kuachia uchafu wake kwenye nyama. Platinamu inavumilia, ila peke yake ni laini mno ndo maana inaongezewa iridiamu ikaze. Na ncha yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele! Hela yako inalipia saketi, betri ya lithiamu, na kazi ya kufunga kile kitu kisiingize hata tone la unyevu.

Sasa dhahabu. Wajerumani waliijaribu kwenye stenti, vile vibomba vya wavu vinavyowekwa ndani ya mshipa wa moyo uliobana ili ubaki wazi, wakachukua stenti za chuma wakazipaka dhahabu, matokeo yakachapishwa mwaka 2000, wagonjwa zaidi ya 700. Mishipa ilibana tena kwa karibu nusu ya waliowekewa za dhahabu, wenye stenti zilezile bila dhahabu ilikuwa kama asilimia 38. Yaani kitu cha bei kilileta madhara zaidi, kwa hiyo mtu akikwambia dhahabu haina ubaya mwilini muulize kuhusu hilo.

Halafu kinachoisha ni betri, siyo madini. Ikiisha baada ya miaka kadhaa tunabadilisha lile boksi, waya ukiwa mzima unabaki. Badala ya kuuliza dhahabu uliza hivi: boksi NA waya vyote vinaruhusiwa MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku kubwa? nani atakuwa anaipima, na wapi?

Maana kuna na hii ya kwamba sumaku ya MRI itaing'oa platinamu kifuani. Haiing'oi, platinamu na titaniamu hazivutwi hivyo, shida ni waya kupata joto na saketi kuchanganyikiwa, ndo maana kuna masharti na lazima pesimeka irekebishwe kabla na baada ya kipimo.

Eti inavuta radi? Haivuti.

Aliyekufa atolewe pesimeka mkauze platinamu? Hakuna mzigo wa kuuza pale. Ila ndugu wanaochoma maiti kwa moto, hiyo LAZIMA itolewe kwanza, betri inalipuka kwenye tanuru.

Mzio upo, hasa wa nikeli, nao unahusu zaidi chuma cha stenti kuliko platinamu, kama heleni za bei rahisi zinakuwasha masikio sema mapema kabla hatujaagiza kifaa.

Na ile kadi ya kifaa mnayopewa siku ya kutoka hospitali, ipigeni picha watu wawili wa nyumbani wawe nayo kwenye simu, kila siku napokea mgonjwa hajui ana waya wa aina gani na MRI inakwama kwa sababu hiyo tu.