Sabuni ya asali: asali inafanya kazi gani humo ndani?

Sabuni ya asali ni sabuni ya kawaida ya mafuta na kostiki soda ambayo mtengenezaji ameiongezea asali. Nayo ni kidogo: kijiko kimoja cha chakula kwa kila nusu kilo ya mafuta kinatosha. Kwa hiyo mteja anayekinusa kipande na kukigeuzageuza sokoni ana haki ya kuuliza: kijiko hicho kimoja kinanisaidia nini?

Tuanze na asali yenyewe, kabla haijaguswa. Karibu asilimia 80 ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na maji ni kama asilimia 17 au 18 tu. Sukari nyingi namna hiyo kwenye maji machache huwa na kiu. Sahau chupa ya asali wazi jikoni wakati wa masika, utakuta juu imekuwa nyepesi, na ukizidi kuiacha itaanza kuchacha. Imekunywa unyevu wa hewani. Kiu hiyohiyo ndiyo inayolainisha ngozi: ukiipaka uso ukiwa bado na majimaji, huyashika maji yale kwenye tabaka la juu la ngozi.

Halafu asali ina asidi. pH yake (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake si asidi) huwa karibu na 4, na ngozi yenye afya nayo iko upande huo, karibu na 5. Tena nyuki huitia kimeng'enya ambacho, asali ikikutana na maji kidogo, hutoa haidrojeni peroksaidi taratibu, kemikali ileile inayouzwa duka la dawa kwa kuoshea vidonda. Wamisri wa kale walitibu majeraha kwa asali, na hata leo zipo hospitali zinazoiweka kwenye vidonda vya moto, ila hiyo ni asali maalumu iliyotakaswa kwa mionzi ya gama. Ya chupa ya nyumbani usiimwage kwenye kidonda kirefu.

Sasa tuingie kwenye sufuria. Kostiki soda ni kali mno, kimeng'enya hakiponi humo. Asidi ya asali nayo inamezwa: sabuni iliyokomaa ina pH ya kati ya 9 na 10, iwe na asali au isiwe nayo. Sukari zikikutana na kostiki hupandisha joto na kubadilika rangi. Mara ya kwanza niliweka vijiko vitano kwenye kilo moja ya mafuta, nikidhani naongeza uzuri. Nikaifunika kwa blanketi kama nilivyozoea. Baada ya saa moja sabuni ilikuwa imepasuka katikati, imevimba hadi kumwagika mezani, na imekuwa na rangi ya sukari iliyoungua. Siku hizi nayeyusha asali kwenye maji kidogo, nangoja mchanganyiko uwe mzito kama uji ndipo naitia, na sifuniki.

Kinachobaki ni povu. Sukari hulifanya liwe jingi, na hapo asali inasaidia kweli, hasa kwenye sabuni ya mawese au ya mzeituni ambayo povu lake ni hafifu. Ya nazi au ya mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) haihitaji msaada huo.

Na ule ulaini ambao watu huusifia baada ya kuoga? Mwingi unatokana na gliserini. Mafuta yanapogeuka sabuni hutoa gliserini yenyewe, nayo pia huvuta maji kwenye ngozi. Viwanda vikubwa mara nyingi huitoa na kuiuza kando; kwenye sabuni iliyotengenezwa kwa mikono inabaki. Naona ni vizuri wauzaji waseme hivyo, maana sifa hii ni ya kweli na inatosha kuuza sabuni. Wanaoandika kwenye karatasi kwamba asali inang'arisha ngozi nyeusi wanawadanganya dada zetu. Asali haiondoi rangi ya mtu.

Ukitaka faida ya asali yenyewe, ipake ngozini. Nawa uso, usijifute ukakauka, paka asali mbichi isiyochemshwa, kaa dakika 10 hadi 15, kisha osha kwa maji ya vuguvugu. Iliyoganda ni nzuri vilevile, kuganda si dalili ya kuchanganywa sukari. Ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu, itakutiririka shingoni. Kwa uso napenda ile nzito ya nyuki wakubwa kutoka Tabora. Jaribu kwanza ndani ya mkono na usubiri siku moja, hasa kama chavua hukusumbua.

Chupa yangu iko bafuni, kando ya sabuni. Nachota kwa kijiko kikavu na kifuniko nakikaza mara moja, kwa sababu mvuke wa bafuni ni mwingi na asali haikatai kuunywa.