Wastani wa malipo ya wahariri wa sayansi si kipato cha mhariri wa kawaida

Wengi hapa Dodoma, hasa wahitimu wanaotaka kuhariri tasnifu na ripoti za utafiti, huamini kwamba wastani wa mshahara ukitajwa, ndicho anachopata mhariri wa kawaida. Inaeleweka, maana neno lenyewe linasikika hivyo.

Chukua mfano wa wahariri 5 wanaolipwa kwa mwezi shilingi 600,000, 700,000, 800,000, 900,000 na 4,000,000. Jumla ni 7,000,000. Gawa kwa 5, unapata wastani wa 1,400,000. Wanne kati yao hawaufikii! Sasa wapange kuanzia wa chini, umtazame wa katikati: 800,000. Kiwango hicho ndicho cha kuulizia.

Wanawake kuwa wengi katika kazi hii nako hakuthibitishi kwamba wanalipwa sawa na wanaume. Linganisha wanawake na wanaume wenye uzoefu uleule na saa zilezile za kazi.

Anayelipwa kwa ukurasa ahesabu maneno kwanza. Maneno 20,000 ni kurasa 80 zenye maneno 250. Mteja akibana herufi hadi maneno 500 kwa ukurasa, zinabaki kurasa 40, malipo nusu, kazi ileile. Afadhali mpatane bei ya kila maneno 1,000 kabla hujafungua faili.