Nusu ya joho la Martino haikuwa ziada

Picha nyingi humwonyesha Mtakatifu Martino, askofu wa Tours (Ufaransa ya leo) katika karne ya nne, akiwa juu ya farasi, bwana mkubwa akimmegea maskini joho lake. Ndiyo maana wengi huamini ukarimu ni kazi ya waliojaliwa mali.

Sulpicius Severus, aliyemfahamu na kuandika maisha yake, anaeleza vingine. Katika tukio lile farasi hatajwi kabisa. Martino alikuwa askari kijana, bado mkatekumeni (anayefundishwa imani kabla ya kubatizwa), na katika mshahara wake alijibakizia pesa ya chakula cha siku tu. Alipofika lango la mji wa Amiens, baridi ikiwa kali, nguo nyingine alishazigawa. Akachomoa upanga, akalipasua joho katikati: nusu kwa maskini aliyekuwa uchi, nusu akajitanda mwenyewe. Baadhi ya watu wakamcheka, maana alionekana kituko.

Kwa hiyo anayetaka kumwiga aanzie kwenye mshahara, si kwenye joho. Pesa ikiingia, weka kando pesa ya chakula na ya kodi ya nyumba, kisha siku hiyohiyo tenga fungu la wahitaji, hata shilingi 2,000. Ukisubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi, hakibaki. Matumizi madogomadogo hukila kimyakimya.