Shanga Zikirudi Kabatini: Dhana Potofu Kuhusu Tamaduni Zetu Shuleni

Kila mwaka shule nyingi za Kenya hutenga siku moja ya utamaduni. Watoto huja wamejifunga leso, wengine shuka nyekundu na shanga shingoni. Wazazi huleta kimanga, muthokoi, pilau na mursik, ngoma zikalia hadi jioni. Jumatatu shanga zinarudi kabatini. Mimi husimamia maktaba ya shule ya msingi huku Voi, na siku hiyo naipenda mno. Kinachoniuma ni kuambiwa kwamba imetosha.

Dhana: Siku ya utamaduni inatosha.

Hata tarehe yenyewe haikutulia. Oktoba 10, sikukuu ya taifa, ilikuwa Siku ya Moi, ikapewa jina la Siku ya Utamaduni, kisha mwaka 2024 ikageuzwa kuwa Siku ya Mazingira. Katiba ya 2010, ibara ya 11, inautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa. Msingi haukumbukwi Oktoba peke yake.

Dhana: Hesabu na sayansi hazihusiani na utamaduni.

Hapa ndipo tunapopoteza mengi. Chukua kalenda ya Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Mwaka wao una miezi 12 ya mwandamo, siku zipatazo 354. Siku zina majina 27 yanayozunguka, ilhali mwezi una siku 29 au 30. Sasa waulize wanafunzi: mwezi huu ukianza kwa jina la kwanza, ujao utaanza kwa jina la ngapi? La tatu, au la nne. Hiyo ni hesabu hasa, na mtoto wa Kiborana aliyezoea kukaa kimya nyuma ya darasa ghafla ndiye anayeulizwa na wenzake.

Bao nalo lina mashimo 32 na kete 64. Anayelicheza hugawanya na kujumlisha kichwani bila karatasi. Pepo za kaskazi na kusi, zilizosukuma majahazi kati ya pwani yetu na Uarabuni, ni somo la jiografia lililo tayari. Mboga za kienyeji kama mnavu na mrenda zina nafasi yake kwenye somo la lishe, muhula wowote.

Dhana: Kutaja makabila darasani ni kupalilia ukabila.

Najua hofu hii ilikotoka. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,000, na walimu wengi wakaona heri kunyamaza. Lakini mtoto asiyefundishwa na mwalimu atafundishwa na masihara ya kwenye matatu: hawa wabahili, wale wachawi. Akisoma mwezi wa Machi kuhusu msichana wa Turkana aliyepotelewa na mbuzi, atamfikiria msichana yule kabla ya kabila lake. Kunyamaza hakujamkinga mtoto yeyote niliyemfundisha.

Dhana: Kenya ina makabila 42.

Bado watu huirudia hesabu hiyo. Mwaka 2016 Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia, wakaja kutambuliwa kama kabila la 43. Mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Watoto wao wako madarasani. Nao watafute jina lao kwenye rafu walikose?

Dhana: Vitabu vyenyewe havipo.

Ni haba, sikatai. Misaada ya vitabu tunayopokea mara nyingi imejaa hadithi za theluji. Hata hivyo, tangu 2014 mradi wa African Storybook umekuwa ukitoa bure mtandaoni hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu kutafsiri na kuchapa.

Sisi tuliwatuma wanafunzi kwa bibi zao. Walirudi na hadithi za Kitaita, Kikamba na Kiorma, tukaziandika pamoja na Kiswahili chake, tukachapa na kubana kwa stepla. Mwanzoni nilikosea: nilizitengea kona yenye kibao "Utamaduni", na hakuna aliyeisogelea. Nikakiondoa kibao, nikavipa vijitabu namba na kuvichanganya na hadithi nyingine zote. Kimoja cha sungura na fisi, cha Kitaita, kadi yake ya kuazima imejaa. Juzi nimebandika ya pili.