Kidani Kikiwa Shingoni Bado Kinatangazwa

Nimeulizwa tena wiki hii: "Nikivaa dhahabu yangu yote siku ya safari, si nitakuwa sina cha kutangaza?"

Hapana! Forodha haijali kito kimekaa wapi. Inataka kujua ni cha nani, kimekuwa chake tangu lini, na kina thamani gani. Tena kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya vyenye njia mbili, kule kupita tu njia ya kijani, ile ya wasio na cha kutangaza, ni tamko tosha kisheria. Umeshasema huna kitu, hata kama hujafungua mdomo.

Wanaoficha huogopa ushuru. Lakini kwa anayehama makazi, tamko ndilo linalomfungulia msamaha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1186/2009 humsamehe aliyeishi nje ya Umoja huo angalau miezi 12 mfululizo, mradi vitu alivimiliki na kuvitumia kwa miezi 6 au zaidi kabla ya kuhama. Ukishaingia, kwa miezi 12 usiviuze, usivikodishe wala kuviweka rehani bila kuiarifu forodha. Hiyo rehani wengi huisahau, na dhahabu ndiyo mali ya kwanza kukimbiliwa pesa zinapokata.

Kanada nayo inataka uwe umevimiliki, umekuwa navyo mkononi na umevitumia kabla ya kufika. Vitakavyofuata baadaye viorodheshwe siku ileile unayoingia kuanza maisha.

Sasa thamani, na hapa ndipo subira huniishia. Mtu analeta cheti cha bima na kuandika kiasi kilichomo kana kwamba ndiyo bei ya kito chake. Bima kwa kawaida hukadiria gharama ya kukununulia kipya dukani. Mkufu wa bibi kwa kawaida hauuzwi kwa bei hiyo. Mwingine anakimbilia upande wa pili: anapima gramu, anazidisha kwa bei ya dhahabu chakavu, na almasi tatu zilizo juu yake anaziruka. Pete ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika 1,000, sawa, lakini mawe nayo yana bei.

Kusema kweli, kwa kito cha urithi kisicho na risiti hakuna namba moja iliyo sahihi. Wathamini wawili waaminifu watakupa makadirio mawili, na ofisa anaweza kuyahoji yote. Kwa hiyo mimi hukazania zaidi utambulisho: hati iseme ni thamani ya aina gani na ya tarehe ipi, itaje uzito, karati na mawe, na iambatane na picha za karibu zinazoonyesha mihuri na mikwaruzo. "Bangili ya dhahabu, moja" ni maelezo ya bangili yoyote duniani.

Sarafu na vipande vya dhahabu usivichanganye na vito. Tangu Juni 3, 2021, sarafu zenye dhahabu asilimia 90 au zaidi, na vipande vya asilimia 99.5 au zaidi, huhesabiwa kama fedha taslimu mtu anapoingia au kutoka Umoja wa Ulaya, na vikifika euro 10,000 ni lazima vitangazwe.

Na pembe ya ndovu au gamba la kasa, hata iwe hereni ndogo ya urithi, msamaha wa ushuru hauiokoi. Hiyo iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na habari ya kibali huulizwa kabla ya kufunga mizigo.