Unaskia sauti ila maisha yanaenda? Maswali yenu na majibu

*Nikiwa nimejilaza naskia mtu ananiita jina, nikitoka koridoni hakuna mtu. Ndo nimeanza kuwa kichaa?*

Hapana ndugu yangu. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi 18, watu zaidi ya elfu 31, na kama 5 katika kila 100 walishawahi kuskia au kuona kitu ambacho wenzao hawakioni. Inatokea sana ukiwa unasinzia au ndo unaamka, na ukifiwa pia, unaskia kabisa mama anakuita jikoni na mmemzika mwezi uliopita. Wengi wanapitia hilo, hawasemi tu. Ila kama una homa, kapime malaria kwanza.

*Mimi inakuja kila siku, miaka sasa, na bado nafungua duka langu Kariakoo. Nifanyeje isinisumbue?*

Hongera kwanza, maana hiyo kazi unaifanya peke yako na hakuna anaejua. Daktari mmoja wa akili wa Uholanzi, Marius Romme, kuanzia miaka ya 1980 alikuwa anawakutanisha watu wanaoskia sauti, akakuta wapo kibao ambao hawajawahi kutibiwa na wanaishi zao vizuri tu. Wengi wao hawakuwa wanaikimbia sauti, walikuwa wameshaizoea na wanaiwekea mipaka. Yani unaiambia "saa hizi nina wateja, njoo saa 2 usiku ntakuskiliza", na ikifika saa 2 unaipa dakika 10 kweli, basi. Ikikushika kwenye daladala na lazima uijibu, weka simu sikioni uongee, nani atajua? Kuimba kidogo kidogo au kusoma kitu kwa sauti nako kunaipunguza nguvu. Halafu andika kwenye daftari imekuja lini, ulikuwa umelala masaa mangapi, mligombana na nani, kodi imeisha au vipi, baada ya wiki kadhaa utaanza kuona inapotokea. Usingizi ndo mkubwa kuliko vyote hapo, na najua joto la Dar na muziki wa jirani, lakini pigania usingizi wako.

*Na bangi? Inanituliza.*

Inakutuliza saa moja halafu inazikuza sauti. Acha, na gongo pia.

*Nimwambie nani? Nyumba ya kupanga hii, kesho mtaa mzima unajua.*

Mtu mmoja tu anaetunza siri, dada yako au rafiki wa siku nyingi. Sheikh au mchungaji sawa, dua na maombi yanawapa watu wengi nguvu, siyapingi hata kidogo. Lakini popote watakaposema ufungwe kamba, uchapwe au ushinde njaa siku kadhaa, ondoka hapo.

*Ntajuaje sasa hii ni ya hospitali?*

Sauti ikikuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, hiyo ni leo leo, usilale nayo, na usiende peke yako. Vilevile ukikaa siku mbili tatu bila kulala, ukiacha kula au kuoga, au ukiamini kila mtu anakufatilia mpaka kazi huwezi. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, ila kama Amana, Temeke au Mwananyamala ndo karibu anzia hapo. Na kama ulishaanzishiwa dawa usiziache ghafla kisa umepata nafuu, rudi kwa daktari wako muongee mnapunguzaje.